Mwenye Mkasi Husema Mwisho

Saa moja kasorobo asubuhi, Albertine Musonda anachemsha kitambaa.

Sufuria iko juu ya mbabula, lile jiko la makaa linalopatikana katika kila ua wa mtaa huu wa Kamalondo, na ndani yake hamna chai wala uji. Mna ukanda mmoja wa nguo nzito ya buluu, wenye urefu wa mita moja kamili. Albertine anaugeuza kwa kijiti, anauopoa, anaukamua kwa mikono miwili, kisha anautandaza juu ya kamba, mahali ambapo jua la Agosti litaufikia kabla ya vumbi.

Hana haraka. Hata hivyo, Jumatatu ya leo ina mpaka wake. Ikifika saa sita mchana, mtu mmoja aitwaye Symphorien atasimamisha gari mlangoni, naye atataka jibu.

Jambo lenyewe ni hili. Symphorien ni mnunuzi wa kampuni ndogo inayopeleka vibarua kwenye migodi ya upande wa Kinsevere. Anataka ovaroli mia mbili na arobaini, zishonwe kwa siku kumi na nane. Ujira ni dola tano kwa kila moja, yaani dola elfu moja na mia mbili. Ilhali karakana ya Albertine, katika mwezi mwema, huingiza takriban mia tano na hamsini kabla ya mishahara na kodi ya nyumba.

Na kitambaa kimekwisha kuletwa. Jumamosi alasiri Symphorien alishusha majora kumi na mawili, akayapanga mpaka karibu na dari, akajipangusa mikono.

"Mama Albertine, nguo iko mu nyumba yako," alisema. "Inabakia tu mukasi." Akaondoka akicheka.

Mwingine angeanza kukata Jumapili baada ya misa. Albertine hakukata.

"Kitambaa ikiingia hapa, inalala kwanza," anasema. "Hakuna mukasi siku ile ile. Hiyo njo sheria yangu, na niliinunua bei kali."

Karakana ni chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara yenye mafundi wengine sita. Mna cherehani tatu, zote za kukanyaga kwa miguu; mna meza ya kukatia iliyochongwa kwa mbao za mabehewa ya zamani; mna pasi moja ya umeme, na mbili za makaa zilizokaa kama kuku wawili wanaolalia mayai. Lakini jicho la mgeni haliendi huko. Linakwenda juu, kwenye waya uliotandwa kutoka dirishani hadi mlangoni, ulioning'inizwa vipande vya vitambaa vya kila rangi. Kila kipande kimebanwa karatasi kwa pini. Kwa mbali vingedhaniwa kuwa sampuli za wateja. Sivyo, na habari yake itakuja mahali pake.

Albertine ana umri wa miaka hamsini na miwili. Babu yake aliteremka kutoka upande wa Kabalo kuja kufanya kazi ya reli, baba yake akairithi kazi hiyo, na mume wake naye alikuwa mtu wa reli mpaka alipofariki mwaka 2012. Ushonaji alifundishwa na masista akiwa msichana. Alipofiwa aliitoa cherehani ya mama yake uvunguni, akaiweka barazani, akashona sare za shule za watoto wa majirani. Watoto wake watatu walikula na kusoma kutokana na sare hizo.

Leo anafanya kazi na watu watatu. Mzee Mapalo, mwenye miaka sitini na mitatu, ndiye mkataji. Anaclet, mwenye miaka thelathini na minne, ndiye mshonaji, na hakuna anayebisha kwamba mkono wake ndio mwepesi kuliko yote katika barabara ile. Mwape, mama wa miaka arobaini na minane, hupiga pasi na kutia vifungo. Katika karakana nyingi, mpiga pasi ndiye mtu wa mwisho: wa mwisho kuishika nguo, wa mwisho kulipwa, wa mwisho kuulizwa. Katika karakana hii, ndiye wa kwanza kusema.

Jinsi ilivyokuwa hivyo ni kisa cha makanisa yaliyosimama kwa kichwa.

Miaka saba iliyopita, akina mama wa parokia moja walikuwa wakijiandaa kwa jubilei. Walinunua vitenge vilivyochapishwa picha ya kanisa lao, na mnara wake, na kengele ndani ya mnara. Wanawake sitini na wanne, kila mmoja sketi pana ya vipande na blauzi yake. Kazi yote akapewa Albertine.

Sketi ya namna hiyo hukatwa nyembamba kiunoni na pana miguuni. Fundi yeyote anajua kwamba vipande vyake vikipangwa kwa kupokezana, kimoja kikitazama juu na kinachofuata kikitazama chini, hulala pamoja kama vidole vya mikono miwili, na kitambaa hubaki. Albertine alipiga hesabu, akaona ataokoa mita ishirini na mbili. Akafurahi. Akamwambia Mzee Mapalo: "Kata."

Mzee akakata. Anaclet akashona, vilivyotazama juu sketi yao, vilivyotazama chini sketi yao. Mwape akapiga pasi. Sketi sitini na nne zikakunjwa, zikafungwa kamba, zikaondoka.

Jumapili ya jubilei wanawake waliingia kwa maandamano, wawili wawili, wakiimba. Ndipo watu waliokaa pembeni walipoanza kutazamana. Katika kila jozi, mama mmoja alivaa kanisa lililosimama, na mwenzake alivaa kanisa lililopinduka, mnara chini, kengele ikielekea kumwagika vidoleni mwake.

"Mama mumoja alinitafuta paka ku banc yenye nilikaa," Albertine anakumbuka, akijifunika uso kwa kiganja, nusu akicheka. "Akaniambia: Albertine, unaona? Umeangusha kanisa ya Bwana, na mapadri bote beko wanaangalia!"

Alizirudia sketi thelathini na mbili bila ujira, kwa kitambaa alichokitafuta duka kwa duka. Kazi hiyo ilimchukua wiki tisa. Wateja wa parokia ile walikaa mwaka mzima bila kurudi.

Lakini si hasara hiyo iliyomkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni jibu la Mzee Mapalo. Alimwita pembeni, akamuuliza kama kweli mtu aliyekata nguo kwa miaka thelathini hakuona kwamba picha ile ina juu na chini.

"Nilionaka," mzee alijibu.

"Ulionaka? Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa umeshasema 'kata', Mama. Patronne akishasema, mi niseme nini tena?"

Akamuuliza Anaclet. Naye alikuwa ameona. Akamuuliza Mwape, na huyo ndiye aliyemmaliza kabisa, kwa kuwa Mwape alikuwa amezipiga pasi sketi zote sitini na nne, moja baada ya moja, na kwa muda wa siku nne alikuwa akijiuliza kimoyomoyo kama akina mama wale ndivyo walivyotaka.

Wahenga walinena: penye wazee haliharibiki neno. Hapa mzee alikuwapo, na neno likaharibika. Kwa kuwa mzee hakupewa zamu. Macho manne ya ziada yalikuwa ndani ya chumba, pamoja na mawili ya Mzee Mapalo, na yote yalifumbwa kwa neno moja la mwenye nyumba.

Tangu siku hiyo Albertine amejiwekea taratibu tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kitambaa kulala. Ya pili, kila mtu hukijaribu kitambaa kwa chombo chake mwenyewe kabla ya shauri: mkataji hukikunja, mshonaji hukipitisha kwenye cherehani, mpiga pasi hukitia moto, naye mwenyewe hukichemsha. Ya tatu, katika shauri, wa chini hushika zamu kwanza. Mwenye mkasi husema mwisho.

Haikuwa rahisi. Mara ya kwanza alipomtaka Mwape aseme, Mwape alitazama sakafu. "Ni bile Mama anasema," alijibu.

"Mi sijasema bado," akamwambia Albertine.

"Basi, ni bile Mama atasema."

Mzee Mapalo alicheka mpaka akakohoa. Ilichukua miezi miwili Mwape kutoa neno lake la kwanza, na neno lenyewe lilikuwa kwamba makaa yanayonunuliwa ni mabichi. Yalikuwa mabichi kweli.

Saa nne asubuhi. Cherehani zinanyamaza. Wanne wanakaa kuizunguka meza ya mbao za mabehewa, na katikati yao imewekwa nguo ya buluu. Nje, upepo wa mwisho wa kiangazi unaburura vumbi jekundu barabarani, na jirani anayeuza soda anamwagia maji mlango wake.

"Mwape," anasema Albertine, kisha anafunga mdomo. Ni kitendo kinachostahili kutazamwa. Ana mazoea ya kuushika utepe wa kupimia unaoning'inia shingoni mwake, akauzungusha kidoleni, na utepe huo ukizunguka, yeye hasemi.

Mwape anatoa mfukoni kipande alichokijaribu asubuhi hii. Ovaroli za mgodini hutiwa ukanda wa kung'aa mikononi, kifuani na miguuni, ili dereva wa lori kubwa amwone mtu gizani. Symphorien alikuwa ameleta mikanda hiyo pamoja na majora. Kipande cha Mwape kina ukanda mmoja, nao haung'ai tena. Umejikunja na kuwa mweusi kama ganda la ndizi.

"Mi nilipiga pasi ya makala, bile tunapigaka siku zote," anasema polepole. "Hii kintu inayeyuka. Nikiweka kitambaa yuu yake, inayeyuka kidogo tu. Nikiweka ya kulowa, inabakia, lakini kila moja inaniomba nusu saa. Na courant haiko tangu Ijumaa, pasi ya umeme siwezi kuitumikisha. Mi njo ile niliona. Nimemaliza."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Anaclet anakichukua kipande, anakinusa, anakirudisha.

Zamu ni yake, naye hakuja kuficha. "Mama, mi nitasema bile niko nafikiri," anasema. "Nilishona mushono mbili mu hii kitambaa, inapita muzuri. Mi peke yangu naweza kushona kumi kwa siku. Ukinitafutia fundi mumoja wa kunisaidia, tunatosha kumi na tano. Tunamaliza. Ile mukanda, tunapiga pasi mbele ya kuushona, kisha hatugusi tena."

Mwape anaitikia kwa kichwa: hilo linawezekana.

"Na kuko kintu ingine," Anaclet anaendelea, na sauti yake inabadilika. "Miaka nane niko hapa. Bale ba rika yangu beko ku Luano, beko ku migodi, beko na mushahara ya kuonekana. Mi niko nashona jupe, sketi ya batoto ba masomo. Tukikatala hii, Mama, itakuya ingine siku gani? Tutashona jupe ya batoto paka tukufe?"

Anaclet hupata dola mia moja na arobaini kwa mwezi, ana mke na watoto wawili, na wote waliomo chumbani wanajua kwamba mara mbili mwaka huu ameitwa na karakana nyingine. Asichokisema kwa kinywa kinasikika: kazi hii ikikataliwa, huenda yeye naye akaondoka. Na karakana bila Anaclet ni cherehani tatu zisizo na mtu.

Mzee Mapalo anaweka kiganja juu ya nguo. Yeye anazungumzia shule. Wiki tatu zijazo milango ya shule itafunguliwa, na orodha ukutani ina majina ya watoto mia moja na kumi na watano. "Mutoto akikuya bila uniforme, wanamurudisha ku mulango," anasema. "Bale bamama balituletea majina mu mwezi wa sita. Walitupatia neno, tukawapatia neno. Symphorien alikuya Jumamosi."

"Vié, majina haikatai kungojea," Anaclet anamdakiza mzee kwa jina la heshima.

"Majina inaweza kungojea, mwanangu. Mulango ya masomo njo haingojeake."

Sasa Albertine anasimama. Anakwenda uani, anarudi na ukanda aliouchemsha asubuhi, umekauka. Anaulaza juu ya meza, anapitisha utepe wake kutoka ncha hadi ncha, na anauacha utepe useme. Sentimita tisini na sita.

Nne zimepotea. Katika mita moja hilo ni jambo dogo kwa macho. Katika mgongo na mkono wa mwanamume anayefanya kazi ni jambo kubwa. Nguo ikikatwa kwa vipimo alivyoleta Symphorien, siku ya kwanza itamkaa vyema mwenyewe. Baada ya kufuliwa mara moja, akiinua mikono kushika nondo, itambana kwapani na kumvuta miguu juu. Dawa yake inajulikana na kila fundi: kuloweka majora yote kabla ya kukata. Yaani mita zaidi ya mia sita, katika ua usiozidi hatua kumi na mbili, kwa maji ya kununua kwa bidon, dumu kwa dumu, na vumbi la Agosti likingoja kila kinachoanikwa.

"Anaclet hajadanganya," anasema Albertine hatimaye. "Kushona, tutaweza. Mwape naye hajadanganya, na Vié hajadanganya. Tukifanya yote mu siku kumi na nane, kutakuwa kintu moja tutafanya mubaya, na tutaificha. Mi sitaki kuchagua leo kintu ya kuficha kesho."

Anatoa uamuzi wake. Watashona ovaroli themanini katika muda huo, kwa kitambaa kilicholowekwa. Zilizobaki mia moja na sitini zitatoka mwezi wa Septemba, shule zikishafunguliwa. Na kabla ya yote, watashona moja tu, ivaliwe na kibarua mmoja siku tatu, ifuliwe, irudishwe itazamwe.

"Hatakubali," anasema Anaclet.

"Huenda hatakubali."

Saa sita kasoro dakika tano, gari jeupe linasimama. Symphorien, mtu mnene mwenye shati lililonyooshwa vyema na simu mbili mkononi, anaingia akipiga makofi.

"Mama Albertine! Iko namna gani? Tunakata ao hatukati?"

Albertine anampa kiti, anampa maji, kisha anamweleza. Anamwonyesha ukanda wa sentimita tisini na sita. Anamwonyesha kipande cheusi cha Mwape. Symphorien anasikiliza mpaka kwenye neno "themanini"; hapo anainuka.

"Themanini? Mama, mi nilikuya kutafuta fundi, sikukuya ku parlement!"

"Parlement haipigake pasi, papa," anasema Mzee Mapalo bila kuinua macho, na hata Symphorien mwenyewe anashindwa kuzuia tabasamu.

Lakini tabasamu halibadili tarehe. Anasema kwamba bosi wake anataka idadi kamili. Kwamba huko Katuba kuna fundi asiye na maulizo. Kwamba amemheshimu Albertine kwa kumwanzia yeye. Anaomba msaada wa kupakia.

Ni Anaclet anayepakia. Anayabeba majora yale moja moja, safari kumi na mbili, kutoka chumbani hadi garini, na hamtazami mtu. La mwisho likiisha, Symphorien anasita mlangoni, anauchukua ule ukanda uliopungua, anaukunja na kuutia mfukoni mwa shati. Kisha gari linaondoka, na mahali palipokuwa na ukuta wa buluu panabaki sakafu tupu yenye alama ya mraba wa vumbi.

Anaclet hali chakula cha mchana.

Inapofika saa nane, Anaclet anaikunja aproni yake. "Kule Katuba bataomba bafundi," anasema. "Ovaroli mia mbili na makumi ine, batu mbili hawatoshe."

Albertine hamzuii wala hamsihi. Anakata kipande cha nguo ya buluu kutoka mabaki ya majaribio, anachukua karatasi na kalamu, anaviweka mbele ya Anaclet. Na sasa habari ya waya uliotandwa dirishani hadi mlangoni inapata mahali pake.

Kila shauri kubwa la karakana hii huachiwa kipande cha nguo yake. Juu ya karatasi huandikwa siku, kilichoamuliwa, sababu zake, na nani alisema nini. Kipande hutundikwa. Mambo yakifika mwisho wake, yawe ya heri au ya shari, kipande hushushwa na karatasi husomwa kwa sauti mbele ya wote. Ndipo huongezwa mstari mmoja wa mwisho.

Kwa nini aandike kabla ya kujua? Kwa sababu, anaeleza, moyo wa binadamu ni mjanja. Jambo likifaulu, kila mtu hukumbuka kwamba alilitaka. Likiharibika, kila mtu hukumbuka kwamba alilipinga. "Karatasi haikumbukake mubaya," anasema.

Upo pale mjeledi wa kujichapa mwenyewe, nao ni kipande cha satini ya waridi. Miaka minne iliyopita, Albertine alipokea gauni kumi na nane za harusi kwa siku sita, kwa pupa, bila kuuliza mtu. Siku ya harusi ilipofika, gauni saba zilikuwa hazijaisha. Aliokoka kwa kuwa wakwe waligombana juu ya mahari na harusi ikasogezwa wiki mbili. Wateja walimshukuru kwa kazi safi. Mstari wa mwisho wa karatasi ile ni wa mkono wake mwenyewe: "Bahati. Si akili."

"Tushukuru bale bakwe," husema Mzee Mapalo kila akipita chini yake.

Kando yake kipo kipande cha khaki, na mambo yake ni kinyume. Walishauriana vizuri, wakakijaribu kitambaa, wakapokea kazi ya walinzi wa ghala fulani. Kisha ghala likafungwa kabla nguo hazijachukuliwa. Mstari wa mwisho: "Tuliamua vema. Ilianguka hata hivyo. Tungeamua tena vile vile." Albertine anasema kwamba alihitaji miaka mingi kuelewa kuwa hayo ni mambo mawili mbalimbali: namna mtu alivyoamua, na namna dunia ilivyomjibu. Anayeyachanganya, hujifunza somo la uongo.

"Andika ya kwako," anamwambia Anaclet. "Andika bile ulisema, na mukono yako. Kama ulikuwa na haki, mi njo nitaisoma mbele ya bote."

Anaclet anakaa. Anaandika taratibu, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema: MIMI ANACLET NILISEMA TUKUBALI. TULIKUWA NA UWEZO. Anafikiri, kisha anaongeza: MAMA ALIKATALA. Anapanda juu ya kigoda na kuitundika mwenyewe.

Siku ya Alhamisi simu ya Albertine inalia. Ni Symphorien. Fundi wa Katuba amepokea kazi yote, anasema, na ataanza kukata kesho. Kisha anapunguza sauti.

"Mama, ile sentimita ine. Ilikuwa kweli?"

"Ile ukanda uko nayo weye. Uliipima weye mwenyewe?"

"Nilipima. Nilipima mara mbili."

"Basi uwaambie bachovye kitambaa mbele ya kukata. Yote. Hata kama ni kukawia siku tatu. Na mukanda, wapige pasi mbele ya kuushona, bakiisha wasiuguse."

Anaclet, aliyerudi mahali pake na sasa anashona kola ya shati jeupe la mtoto, anasimamisha mguu. "Mama! Unabapatia akili yetu bure?"

"Anaclet," anamjibu, na utepe umetulia shingoni mwake, "kuko banaume mia mbili na makumi ine batavaa ile nguo. Bale hawakutukosea kintu. Banapaswa kuinua mikono."

Mwape anapuliza makaa ya pasi yake, na cheche chache zinaruka.

Je, Albertine alikosea? Yeye mwenyewe hajui, na halioni hilo kuwa aibu. Iwapo ovaroli za Katuba zitatoka salama na kwa wakati, atasoma kwamba Anaclet aliona mbali kuliko yeye, na mwakani atapima tena nguvu za watu wake. Iwapo zitaharibika, atajihadhari asijisifu, kwa kuwa fundi mwingine kushindwa si hoja kwamba yeye angeshindwa.

Jambo moja, hata hivyo, amelishika tangu sasa. Kosa lake halikuwa Jumatatu, anasema. Lilikuwa huko nyuma, kukaa akingoja mpaka kazi ije yenyewe ikiwa na saa yake mkononi. Anayekuletea shauri lenye mwisho wa saa sita mchana, amekwisha kuamua nusu yake. Kuanzia Februari anakusudia kwenda mwenyewe kwa wanunuzi wa migodi, akiwa na ovaroli moja aliyoishona, akaifua mara tano, na kuwaomba kazi ya Mei hadi Julai, wakati ambapo sare za shule zimelala na Anaclet hupiga miayo. Akiziongeza dola mia moja na tisini alizokwisha kuweka, anatarajia kununua pasi ya mvuke na betri ya kuiendesha umeme unapokatika. Mwape ndiye atakayeichagua.

Sare zilizokamilika zimefika sabini na moja. Zilizobaki arobaini na nne zimepangwa kwa ukubwa, na ndogo kuliko zote ni ya mtoto wa miaka mitano ambaye mama yake hupita kila jioni kuichungulia.

Na Anaclet yupo. Jumatatu ile alirudisha aproni msumarini, akaondoka. Jumanne saa moja na nusu alikuwa ameketi mahali pake. Alipoulizwa kwa nini hakwenda Katuba, hakutaja mshahara wala heshima. Alielekeza kidevu juu, kwenye kipande cha buluu kinachopepea karibu na mlango.

"Ile karatasi ingali yuu," alisema, akiingiza uzi kwenye tundu la sindano. "Siku itashuka, nataka niwe hapa. Nataka nimusikie Mama akiisoma na kinywa yake."